Fuko Alipokagua Kisima cha Ngiri

Kulikuwa na kisima, na kisimani kulikuwa na Ngiri. Wanyama walikichimba ili wadogo wasiliwe tena na mamba mtoni, wakamweka yeye akilinde. Basi si akakigeuza bwawa lake la kugaagaa! Wenye kiu wakarudi mtoni. Bi Digidigi akaliwa watoto wawili, akabakiwa na mmoja.

Wazee wa mbuga wakatangaza ukaguzi wa kisima. Siku ilipofika, Ngiri alimfuata. "Mama, ukiulizwa, sema mnakunywa hapa kila siku. Ukiteleza ulimi, huyo mmoja namtumbua."

Bi Digidigi akamvuta mwanawe ubavuni.

Mkaguzi akaja na wazee wa mbuga. Kumbe Fuko, kipofu! Ngiri akacheka hadi kamasi zikamtoka. "Karibu babu, ujionee mwenyewe!"

Fuko akauliza, "Mnakunywa hapa, binti yangu?"

"Kila siku, babu." Bi Digidigi akamtupia Ngiri jicho.

"Haya. Nipeleke kwako nikapumzike."

Wakaenda wote, Bi Digidigi akielekeza na Fuko akitambaa mbele, hadi mlangoni kwake. Hapo akapapasa njia ya pili, iendayo mtoni. Ilikuwa ngumu kama sakafu.

"Wazee," akasema, "njia ya kisimani imenikuna tumbo kwa nyasi. Ya mtoni haina hata jani. Hawa wanakunywa wapi?"

Ngiri akamkodolea macho Bi Digidigi. "Umesema!"

"Yeye kasema ulivyomfundisha," akajibu Fuko. "Nyasi ndizo ulizosahau kuzitisha."

Ngiri alifukuzwa siku ileile. Bi Digidigi alikunywa, lakini kila funda akigeuka nyuma, mpaka nyasi za njia ya kisimani zilipokwisha kwa kukanyagwa.