Kijiko cha Bibi Ndeshi

Klak. Sijawasha hata taa, nikasikia gizani kufuli la jiko likifunguka, na harufu ya maharage ikajaa chumbani. Mtaani kwetu majiko yana masikio, na yanawapikia wenye kazi na watoto wao tu. Ukimlisha mtu mwingine, jiko lako linajifunga na halifunguki tena.

La jirani yetu, Bibi Ndeshi, limejifunga tangu maumivu ya mgongo yalipomtoa kazini kiwandani. Kila jioni namvuta kwetu kwa siri, na tunanong'ona jiko lisitusikie.

“Mwanangu, nionjeshe tu. Mimi nakula kama kuku.”

“Kuku anakula kutwa nzima, bibi. Kaa.”

Tulisali kwa kunong'ona, mimi, bibi na binti yangu Tumsifu, tukaanza kula taratibu. Ghafla jiko likasema, “Nasikia vijiko vitatu. Nani wa tatu?”

Bibi akaweka kijiko chini. “Sema mtoto anachezea vijiko,” akaninong'oneza. “Kesho utampikia wapi?”

Lakini nilibatizwa nikiwa mtu mzima, nikaulizwa mbele ya kanisa zima kama nitampenda jirani, nikasema ndiyo. Hakuna aliyeniambia kwanza nikaombe ruhusa kwa jiko. Nikamrudishia bibi kijiko mkononi, nikamwongezea maharage, na mwiko nikaugonga kwa nguvu kwenye sufuria ili jiko lisikie vizuri.

Likauliza tena. Kabla sijajibu, Tumsifu aligeukia jiko, mashavu yamejaa chakula, akasema, “Bibi Ndeshi anakula na sisi.”