Bamba Lililovutwa Mara Mbili

Bamba la chuma lilipasuka kabla ya wakati wake, kwa mlio mdogo kama wa ukucha unaokatika.

Mama Pacha akasimamisha mashine ya kupimia uimara wa chuma. Alikuwa amelivuta kwa urefu, likastahimili. Kisha akalivuta kwa upana, maana kiwandani huvutwa huku na huku linapogeuzwa kuwa mtungi wa gesi. Akapitisha kidole kwenye ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na bado una joto.

"Unakitesa chuma kama kimekuibia mume!" mkuu wa maabara alicheka. "Vuta upande mmoja tu, kama siku zote."

"Na mitungi ya chuma hiki, bosi?"

"Imeshatoka. Si hata ninyi wafanyakazi mmegawiwa ya kwanza kwanza?"

Mama Pacha akachomoa simu mfukoni. Akampigia mama yake, anayemlelea wanawe.

"Mama, ule mtungi uko wapi?"

"Upo hapa jikoni, mwanangu, moto unawaka vizuri kweli. Na hawa wajukuu zangu wameupanda kama farasi."

"Zima, mama! Watoe hapo!"

"Sikusikii, mwanangu. Zinavyopigwa kelele humu, we acha tu."