Mlinzi wa Kwenye Ngazi

Kabla filamu haijaanza, Falonne alivua kilemba chake akajifunga nacho macho, mafundo mawili, mbele ya watu thelathini waliokuja kutazama.

"Sasa muzime sauti," akasema. "Yote."

Chumba cha nyuma ya duka la François, hapa Rosettenville, kikaangua kicheko. Kila Jumamosi mchana Wakongomani wa mtaa walijazana humo, madirisha yamezibwa kwa blanketi, wakitazama filamu za mapigano huku Steve akiwatafsiria kwa Kiswahili kwenye maikrofoni yake. Yake kweli, maana aliinunua mwenyewe, na leo alikuwa ameitia mfukoni ili msusi huyu wa mtaa jirani wa La Rochelle asiiguse.

"Mama wa nywele atatuambia tu kile tunaona," Steve alikuwa amesema. "Mambo ya bunduki, banaume njo banajua."

Ndipo Falonne akavua kilemba. Kama kazi ni kusema kinachoonekana, basi yeye hataona kitu. Alikuwa ameomba naye atafsiri, na sharti la François mwenye duka lilikuwa fupi: watu wakibaki mpaka mwisho, Jumamosi zote ni za Falonne. Benchi moja likibaki tupu, arudi kwenye vitana vyake.

Filamu ilikuwa ya Meksiko, habari za wizi wa dhahabu katika benki ya kale. Alikuwa ameitazama mara saba nyumbani, na uzuri wake hakuukana. Magari yaling'aa. Wezi walivaa suti nyeupe zilizowakaa barabara, na mkuu wao aliwasha sigara huku akiendesha pikipiki, hata ukatamani kumpigia makofi. Lakini wezi hao hao walipita kwenye mtaro wa maji machafu wakatoka na suti nyeupe vile vile, sijui walifuliwa na nani. Risasi zikamiminika, wasipate hata mchubuko. Hayo yote angeyasamehe. Asichokisamehe ni habari ya mlinzi.

Mlinzi alikuwa kwenye ngazi. Anapigwa risasi, anaanguka, na mkuu wa wezi anamruka ili asichafue kiatu. Hana jina, hana neno. Cédric, kaka yake Falonne, aliuawa hivyo hivyo kwenye geti la ghala huko Midrand, na gazeti likaandika "mlinzi mmoja". Maneno hayo mawili yalikuwa yanamchoma mpaka leo.

"Tunaanza," akasema, na kwa mdomo mtupu akawapa milio ya pikipiki, breki, mlango wa chuma, mwanamke anayetembea kwa viatu virefu sakafuni. Kicheko kikafa. Maji alikuwa ameshayavulia nguo, sasa akayaoga.

Wezi walipokuwa ndani ya mtaro, feni ikanyamaza. Joto likampanda shingoni. Ni Steve huyo, akawaza, anataka nikauke koo. Akaongeza sauti. Nje, kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, magari yakaanza kupigiana honi kwa hasira, naye akazichukua honi hizo akazitia kwenye hadithi, polisi wa Meksiko wakakwama kwenye foleni.

Benchi likalia. Mtu alikuwa ameinuka.

"Kaa chini, tunasikia vizuri," sauti nzito ikanguruma. Alikuwa Ignace, mlinzi wa zamu za Midrand. Nusu ya waliokuwemo humo walikuwa walinzi kama yeye.

Kisha ikamfikia harufu ya kibiriti. Kuna aliyechoka, anavuta sigara. Falonne akakaza moyo, akawapandisha wezi kwenye ngazi.

"Huyu anaitwa Cédric," akasema. "Ana chai kwenye chupa, bado ya moto. Amesikia viatu vinne. Wenye benki hawatembei hivyo, wenye benki hawanyati. Anageuka. Risasi inampata begani, anaanguka." Akakaza mafundo ya kilemba. "Anainuka."

Alijua fika kwamba kwenye televisheni, nyuma ya mgongo wake, mtu yule yuko chali na hatainuka tena. Watu thelathini wenye macho yao wangemcheka sasa hivi. Akangoja kicheko, hakikuja.

Na wakicheka wacheke, akajiambia. Aliyekosea ni aliyetengeneza filamu, si mimi. Akaendelea kwa ubishi mtupu. Cédric akafunga lango la juu, akafunga la chini. Wezi wakarudi mtaroni, na safari hii suti zikachafuka kwelikweli, mpaka kola. Mkuu wao akapoteza kiatu, akalia kama mtoto. Polisi walipofika, Cédric akawakabidhi funguo, akafungwa bega, akapanda basi la alfajiri. Mke wake akasikia hatua zake mlangoni, akafungua kabla hajabisha.

"Mwisho," akasema Falonne.

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyekohoa. Basi wameondoka wote, akawaza, polepole, mmoja mmoja, kwa heshima. Akafungua mafundo yake mawili.

Mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Steve alikuwa amekaa sakafuni, mbele kabisa, maikrofoni imesahaulika magotini. Na juu ya televisheni iliyozimika uliwaka mshumaa, umebaki nusu.

Ignace alifuta macho kwa kiganja, akamgeukia François.

"Umeme ukirudi, musiweke tena ile CD," akasema. "Cédric alishafika kwake."