Kijani Kitupu

Majaribio yote ya programu yao ya kusaka hitilafu yalionekana kijani, rangi ya kufaulu, kwenye skrini ya Shekue. Ofisini walishaanza kukata keki, maana asubuhi hiyo programu ilikuwa imetumwa hospitali, mafundi waitumie kukagua mashine za kupumulia.

Kilichomsumbua Shekue ni kasi. Kazi ya saa nzima ilikuwa imekwisha kabla chai yake haijapoa.

Akafungua mstari wa msimbo unaokagua toleo la kompaila, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu: likiwa chini ya 9, jaribio lirukwe. Kompaila yao mpya ilikuwa toleo la 10. Ila mstari ule ulipanga namba kama maneno ya kamusi, 10 ikatangulia 9 kwa kuwa inaanza na 1.

"Lusajo, hatujapima kitu. Yote yamerukwa."

Lusajo, aliyeuandika mstari ule, alibaki na kisu cha keki mkononi. "Mbona kijani?"

"Si tulikubaliana yanayorukwa nayo yawe kijani, bosi asitusumbue?"

Shekue akapiga simu hospitali. Fundi alipokea kwa furaha. "Dada, asanteni sana! Tumekagua mashine zote, hakuna hitilafu hata moja. Wagonjwa tumeshawaunganisha."

Nyuma ya sauti yake mashine ilisikika ikivuta pumzi. Shekue akabana yake, akisubiri iitoe.