Alama Thelathini na Nne

Nirav alikipuliza kile kisanduku cheusi kama anapuliza uji wa moto, akakichomeka nyuma ya kompyuta, kisha akaketi kuandika uongo wake.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kibao cha vitufe tu, unakiunganisha na televisheni. Mjomba wake aliileta kutoka Leicester, Uingereza, mwaka ule mambo yalipoanza kuwa ruksa, na sasa ilikaa chumba cha nyuma cha duka la vyombo la baba yake, Mtaa wa Livingstone, ikitunzwa kuliko bibi mgonjwa. Nirav alikuwa ameitungia programu ya kulinganisha nyota. Unaingiza tarehe na saa ya kuzaliwa ya kijana, unaingiza ya binti, nayo inatoa alama. Zilizojaa ni thelathini na sita. Chini ya kumi na nane, ndoa hakuna.

Kina mama walitoka Kisutu na Upanga kuja kuiuliza. Mnajimu ana ndugu wa kuwapendelea, Nirav aliwaambia, lakini mashine haina ndugu, na mashine haikosei. Ndoa kumi na moja zilikuwa zimeshafungwa kwa maneno hayo.

Basi, mkuki kwa nguruwe. Nyota zake mwenyewe na za Zarna zilipata alama tisa. Alijaribu mara sita, zikawa tisa vilevile. Naye alimpenda Zarna mpaka chakula kilikuwa hakipiti, na mama yake Zarna, Bi Jashoda, alikuwa haozeshi bila nyota.

"Mama anakuja kesho saa nne," Zarna alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kanga begani, kama mtu aliyepita tu kununua sufuria.

"Aje," Nirav alisema.

Zamani kupenyeza mstari mpya katikati ya programu ilikuwa taabu. Kila mstari una namba yake, na namba zimebanana, 740, 741, 742, huna pa kuweka hata mguu. Kile kisanduku ndicho kilikuwa dawa. Unakipa amri moja, mistari yote inapangwa upya kwa makumi na nafasi zinafunguka. Unakipa neno, kinakutafutia kila lilipojificha. Zarna ndiye aliyekileta. Alikiazima kwa Parth, yule wa duka la kanda za video Mtaa wa Sikukuu, ambaye alikitoa bila hata kuuliza kinaenda wapi.

"Mjinga yule," Nirav alisema.

"Mtu mwema sana," alisema Zarna.

Nirav akaandika: ikiingizwa tarehe yake yeye na saa yake, jibu liwe thelathini na nne. Thelathini na sita zingeshukiwa. Alijiona mjanja kwa hilo.

"Haya, sasa niweke na yako."

"Yangu usiiweke. Likigundulika, nisiwemo."

"Lakini bila yako, kila binti atanifaa."

"Kwani nani mwingine ataleta karatasi yake hapa?"

Swali lile lilimchoma kidogo. Kule kukataa kwake akakuita haya ya mtoto wa watu. Kikwazo kingine hakukiona. Dada mkubwa wa Zarna, Alpa, ndiye aliyepaswa kuolewa kwanza, na Zarna alishamwambia kuwa amepata mchumba Mombasa.

Kesho yake Bi Jashoda aliingia saa nne kamili, Zarna nyuma yake kabeba mkoba. Nirav alikuwa amepaka mafuta ya nazi kichwani mpaka yanachuruzika shingoni.

"Karibu, Masi," alisema, akimwita mama mdogo kwa Kigujarati.

"Ahsante, mwanangu. Mashine haijambo?"

Akatoa karatasi mbili kwenye kitambaa chekundu. Moja ilikuwa ya Nirav, aliyopewa na mama yake kijana. Nirav akaingiza ya kwake kwa uso wa hakimu. Ya pili aliisoma namba kwa namba bila kuizingatia, maana macho yalikuwa kwa Zarna.

Thelathini na nne.

Bi Jashoda akaanza kulia. "Alpa wangu," alisema. "Mashine hii hii imemkatalia wanaume wanne."

"Alpa?" Nirav aliitazama karatasi tena. Binti alikuwa amemzidi miaka minne. Ni yule Alpa mwalimu, aliyewahi kuiita kompyuta yake redio isiyosema. "Si ana mchumba Mombasa?"

"Mombasa? Mombasa hatuna hata jirani."

"Subiri, Masi, nirudie."

Akarudia. Thelathini na nne. Akarudia tena, jasho limechanganyika na mafuta ya nazi.

"Iache mwanangu, haikosei," alisema Bi Jashoda. "Umetuambia mwenyewe."

Nirav akafungua mdomo. Akazifikiria zile ndoa kumi na moja, akazifikiria na mama zao wote, akaufunga. Bi Jashoda akambusu kwenye paji la uso na kutoka mbio kwenda dukani mbele, kumpa baba yake Nirav habari njema.

Zarna akabaki. Akafungua mkoba, akatoa bahasha nyingine na kuiweka juu ya vitufe.

"Sasa mkubwa amepata, na mdogo ana ruhusa," alisema. "Hiyo ni yangu na Parth, shemeji. Ingiza."