Kitofali cha Joto

Tangu kuni na mkaa vipigwe marufuku Njombe, kila nyumba ilipikia joto la kazi. Baiskeli ya umeme ilipopanda mlima, joto la mota liliingia kwenye kitofali cha nta kilichofungwa kando yake, na jioni kitofali kilihamishiwa jikoni. Aliyefanya kazi sana alikula kilichoiva.

Mgaya hakuwa amepata abiria tangu Jumatatu. Alijificha nyuma ya ghala la viazi, akabana breki, akafungulia mota mpaka ikavuma bila gurudumu kusogea. Alijua kwamba sumaku za ndani ya mota zikichemshwa hivyo hupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi. Akazidi kubana.

Nyumbani, mkewe Atukuzwe alikipokea kitofali kwa kanga, akacheka.

"Baba Lusungu, leo umebeba mji mzima?"

"Wanene tu," alijibu.

Maharage yaliiva vizuri. Atukuzwe alimpakulia yeye kwanza, tena sahani ikajaa, na Mgaya akala akiwa ameinamisha kichwa.

Asubuhi baiskeli ilikwama kwenye kilima cha kutokea nyumbani, ingawa alikuwa peke yake juu yake. Majirani walichungulia. Atukuzwe alikuja mbio, akaegemeza bega kwenye kiti cha abiria, akaanza kusukuma.

"Pole, mume wangu," alisema akihema. "Kazi imeichosha. Leo wanene waache watembee."

Mgaya alishukuru kwamba mkewe alikuwa nyuma na hauoni uso wake. Mbele yao, paa la ghala la viazi lilianza kuonekana.