Kelele za Umeme Kurudi

Tangu serikali ipige marufuku kuhifadhi umeme nyumbani, mume wangu Mahfudhi huficha betri zake chini ya meza ya karakana. Kaziunga mwenyewe ziendeshe mashine ya kupumulia ya mama yake. Mimi kila hodi hunishtua.

Leo mchana umeme ulikatika. Mashine haikusita hata kidogo. Tukakaa tunamtazama mama akipumua, tukajisahau.

Ghafla mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe: "Umerudi! Umerudi!" Kila nyumba, isipokuwa yetu.

"Piga kelele, wewe!" Mahfudhi akaninong'oneza kwa ukali.

Nikapiga. Wenzangu walikuwa wameshanyamaza.

Hodi ikapigwa. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, anatabasamu.

"Shemeji, kwani kwenu haukukatika?"